Bunia inahitaji mashahidi wa anga

Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, wajumbe wa Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo, waliketi pamoja na wenzao wa Kongo-Brazzaville, Uganda, Kenya, Kolombia, Ekwado na Indonesia wakatia saini tamko ambalo leo wachache wanalikumbuka. Walidai kwamba ule mkanda ulioko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako satelaiti huzunguka sambamba na dunia hata ikaonekana kama imesimama, ni mali ya nchi zilizo chini yake. Mataifa yenye roketi hayakushughulika nao. Mkataba wa 1967 ulikuwa umekwisha kusema kwamba anga za juu hazina mwenyewe. Miezi michache baadaye, tarehe 17 Mei 1977, kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka nyanda za Shaba, kwenye eneo la kilomita za mraba kama 100,000 ambalo Rais Mobutu alikuwa ameikodishia. Roketi ya tatu, Juni 1978, ilianguka rais mwenyewe akiangalia, na mwaka uliofuata Wajerumani wakafungasha virago, kwa sehemu kubwa kwa shinikizo la Wasovieti. Hizo ndizo kurasa mbili tunazoweza kuzionyesha katika historia ya nchi yetu na anga za juu: tulidai mbingu kwenye karatasi, kisha tukapangisha ardhi kwa mwenye roketi.

Kazi ya kutazama haikuwahi kuwa yetu, na ndiyo kazi ambayo mji kama Bunia unaweza kuifanya bila kungoja Kinshasa wala Ulaya. Vijana wanaofuatilia safari za vyombo vya anga kwenye simu, wanaobishana kama Pluto ilionewa iliponyang'anywa cheo cha sayari mwaka 2006, wanaosimama barabarani kuangalia msururu wa taa za Starlink ukikatiza juu ya mtaa wa Mudzipela, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hawana la kufanya. Mimi nashikilia kwamba mapenzi hayo, yakipewa daftari na saa inayokwenda sawa, yana faida kwa mkoa wetu wa Ituri na kwa sayansi pia, na kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo inatokana na mahali tulipo kwenye ramani.

Bunia iko digrii moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta. Mtu aliyesimama hapa anaweza, mwaka ukizunguka, kuiona karibu kila nyota inayoonekana duniani: ile ya kaskazini imelala kabisa kwenye upeo wa macho, na Msalaba wa Kusini unapanda vizuri upande wa pili. Umeme wa mtambo wa Budana haufiki kila mtaa, na kwa hiyo usiku wetu una giza ambalo watu wa miji mikubwa hulilipia nauli kwenda kulitafuta jangwani. (Hatukulichagua giza hilo, lakini maadamu lipo, litumike.) Kwa upande wa vyombo vinavyozunguka dunia, nafasi yetu ni ya pekee zaidi. Satelaiti yoyote, hata mzingo wake uwe umeinama namna gani, hulazimika kuvuka mstari wa ikweta mara mbili kila mzunguko, na ile iliyo chini kama Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka mara 15 au 16 kwa siku. Tena kuna kundi ambalo haliondoki kabisa kwenye ukanda huu. Roketi zinazopeleka satelaiti za televisheni na mawasiliano kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, huacha nyuma vipande ambavyo mzingo wao umelala karibu na ikweta. Vipande hivyo huzunguka kwa miaka, vikishuka kidogo kidogo, na siku vinapoanguka haviwezi kuanguka Ulaya wala China. Vitaangukia ukanda wetu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ukanda huo ni bahari, nchi kavu inayobaki ni Amazonia, visiwa vya Asia ya kusini-mashariki na sisi.

Jirani zetu wamekwisha kuonja. Tarehe 30 Desemba 2024, kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kwenye vichaka mchana kweupe. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaizungushia ulinzi, na kutangaza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kipande cha namna hiyo kilitazamiwa kiungue chote hewani au kitumbukie baharini. Kabla wataalamu hawajamaliza kuipima, habari zilikwisha kuenea kwamba ni mali ya India na kwamba Kenya inadai fidia, na shirika likalazimika kuzikanusha. Aliyekuja na maelezo ya kina kuliko wengi alikuwa Mholanzi Marco Langbroek, ambaye alilinganisha siku na mahali na orodha ya vitu vilivyokuwa vinashuka, akapendekeza kwamba huenda ni sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa kutoka Kourou mwaka 2008. Wengine walitilia shaka. Nimemtaja kwa sababu ya wasifu wake: amesomea akiolojia, akaanza kufuatilia satelaiti kwa mapenzi yake tu, kwa kamera na hesabu, na leo anafundisha somo hilo hilo katika chuo kikuu cha ufundi cha Delft.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la starehe. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Michael Byers walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba mabaki ya roketi yanayoachwa yaanguke bila kuongozwa yana uwezekano wa mara tatu hivi zaidi wa kuangukia latitudo za miji kama Lagos, Jakarta na Bogotá kuliko zile za New York, Beijing au Moscow. Wanaorusha wako kaskazini, na wanaoangukiwa wako katikati. Sheria ipo: mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha hulipa madhara yaliyotokea ardhini bila mwathirika kuhitaji kuthibitisha uzembe. Lakini ili kudai, lazima ujue kilichoanguka ni cha nani, na ili kujua hilo unahitaji dakika kilipoanguka, upande kilikotokea, na picha kabla hakijakatwakatwa. Satelaiti ya Kisovieti Kosmos 954 ilipoanguka kaskazini mwa Kanada Januari 1978 pamoja na kinu chake cha nyuklia, Wakanada waliokota, wakapima, wakaandika kila kitu. Walidai dola milioni sita na mwaka 1981 wakalipwa tatu. Mei 2020, sehemu ya roketi ya China ya Long March 5B iliporudi bila kuongozwa, wanakijiji wa Mahounou nchini Côte d'Ivoire walijikuta na bomba la chuma la mita kama 12. Sasa fikiria bomba hilo limeangukia Djugu au Irumu. Kwanza litadhaniwa ni kombora. Kisha, likishaonekana halilipuki, litafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu likiwa vipande, na hakuna atakayejua lilikuwa nini. Titani ni chuma cha thamani. Tangi lililobeba hidrazini, fueli ya roketi, lina sumu inayoweza kuua. Watu wa Ituri wamekwisha kufundishwa, kwa gharama kubwa, kwamba chuma usichokijua hukigusi: unakaa mbali, unaweka alama, unatoa taarifa. Somo hilo la mabomu linaweza kuongezewa dakika tano za somo la anga, na mfundishaji mzuri atakuwa yule kijana anayejua roketi ipi imerushwa wiki iliyopita.

Je, mpenzi asiye na cheo anaweza kweli kugundua kitu ambacho wenye mitambo hawakisemi? Jibu zuri zaidi ninalolijua linatoka kwenye shule ya sekondari. Geoffrey Perry alikuwa mwalimu wa fizikia katika mji mdogo wa Kettering, Uingereza. Miaka ya 1960, yeye na mwenzake Derek Slater wa kemia waliwaketisha wanafunzi mbele ya redio ya masafa mafupi kusikiliza milio ya satelaiti za Kisovieti. Hawakuwa na la zaidi ya masikio, saa na daftari: mlio umeanza saa ngapi, umekatika saa ngapi. Ukiandika hivyo siku baada ya siku unapata muda wa mzunguko mmoja, na kutokana na huo unaweza kuchora njia ya satelaiti juu ya ramani na kuirudisha nyuma hadi siku iliporushwa. Mwaka 1966 satelaiti moja iliwashangaza, kwa kuwa njia yake haikupita juu ya uwanja wa kurushia uliojulikana. Ilipokuja nyingine mwezi Oktoba, waliichora nayo, na mistari miwili ikakatana mahali pamoja kaskazini mwa Urusi. Walikuwa wameufichua uwanja wa siri wa Plesetsk, na Moscow haikukiri kuwa upo hadi 1983. Kwetu redio ya foni si kitu kigeni. Kwa miongo mingi maparokia, hospitali na viwanja vidogo vya ndege vya Ituri vimepeana habari kwa foni kila asubuhi kwa saa maalumu, na watu wanaojua kusikiliza sauti dhaifu katikati ya makelele wapo wengi kuliko tunavyodhani. Leo kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, pamoja na waya wa shaba, kinatosha kupokea picha za mawingu moja kwa moja kutoka satelaiti za Kirusi za hali ya hewa aina ya Meteor zinapopita. Mwaka 2018 Mkanada Scott Tilley, akisikiliza kwa mapenzi yake, alikuta IMAGE, satelaiti ya NASA iliyonyamaza tangu 2005, ikiongea peke yake angani.

Lakini nisije nikaonekana natetea kutazama takataka za angani peke yake kwa kuwa zina faida ya kuonekana. Vipi kuhusu sayari kibete? Ceres, Pluto, Haumea, Makemake na Eris haziwezi kumwangukia mtu. Chombo cha New Horizons kilipoipita Pluto tarehe 14 Julai 2015 na kutuonyesha milima ya barafu ya maji na tambarare ya naitrojeni iliyoganda, hakuna bei ya muhogo iliyoshuka Bunia. Hata hivyo ni katika vitu hivyo vya mbali ndipo mtazamaji wa kawaida ana nafasi kubwa kuliko popote, kwa sababu ya jambo rahisi: kitu kidogo cha mbali kikipita mbele ya nyota, nyota huzimika kwa nukta chache au chini ya hapo, na kivuli hicho hukatiza juu ya dunia kwa mstari mwembamba. Darubini kubwa ya Chile haiwezi kuhama kukifuata. Wanaohitajika ni watu wengi wenye darubini ndogo, waliotawanyika mstari mzima, kila mmoja akirekodi nyota yake ilizimika muda gani. Ukiyapanga majibu yao pamoja, unapata umbo la kitu kilichoko mabilioni ya kilomita. Ndivyo timu ya New Horizons ilivyofanya kabla ya kukiendea kitu cha Arrokoth, chenye urefu wa kilomita 36 hivi tu, kilomita bilioni sita na nusu kutoka hapa. Mwaka 2017 walikikimbilia kivuli chake Argentina, na tarehe 4 Agosti 2018 wakakifuata Senegal, bega kwa bega na wanaastronomia wa Senegal chini ya Maram Kaïré. Chombo kilifika Januari 1, 2019 na kukuta vipande viwili vilivyogandana, kama vivuli vilivyokuwa vimedokeza. Pete ya Quaoar, kitu kingine cha mbali, iliyotangazwa mwaka 2023, ilipatikana kwa njia hiyo hiyo, na ndani ya data zake mna vipimo kutoka Namibia na vya wapenzi wa Australia.

Yaliyofuata Senegal ndiyo ninayotaka wasomaji wa Ituri wayaangalie kwa makini. Kaïré alikuwa mtu wa chama cha wapenda astronomia. Mwaka 2023 Senegal iliunda shirika lake la anga na kumkabidhi uongozi. Mwaka uliofuata satelaiti yao ya kwanza, GAINDESAT-1A, ilikuwa juu. Sidai kwamba usiku mmoja wa kivuli ulizaa shirika. Nasema tu kwamba siku serikali ilipohitaji watu, watu walikuwapo. Kwetu mfano mashuhuri ulikwenda njia nyingine. Jean-Patrice Keka, na kampuni yake ya DTA, alirusha roketi za Troposphere kutoka Menkao, mashariki mwa Kinshasa, nyingi kwa fedha zake mwenyewe. Ya nne, Julai 2008, ilipaa kilomita 15 hivi. Ya tano, Machi 2009, ilibeba panya, ikapotoka njia na kuanguka. Ujasiri wake nauvulia kofia, na waliomcheka kwa ajili ya yule panya wangejiuliza wao wamerusha nini. Lakini roketi hutaka fedha, kiwanja na ruhusa, na Ituri hata moja kati ya hayo haina. Kurusha bomba linalotema moto katika mkoa ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 ni wazimu. Kutazama hakuhitaji makubwa kama hayo.

Kuna watakaouliza, na wana haki, kama huu ni wakati wa kuzungumzia Pluto. Watu wanalala kwenye mahema ya kambi ya Kigonze. Vijiji vya Djugu vimechomwa mara mbili, mara tatu. Mtoto aliyekosa shule tangu azaliwe ana haja nyingi kabla ya darubini. Hoja hii siwezi kuipunguza uzito, na atakayedai kwamba astronomia italeta amani Ituri asisikilizwe. Bado nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba katika vita vyote hivi hatujaacha kufuatilia mpira. Watu waliokimbia na godoro moja wanajua Mazembe ilicheza lini na nani alifunga, na hakuna aliyewaambia wangoje amani ndipo washangilie. La pili ni zito zaidi. Anga tunaloambiwa halituhusu linatuangalia kila siku. Vijiji vilivyoteketezwa Djugu mwaka 2018 vilithibitishwa kwa picha za satelaiti, zikasomwa na watu walioko mbali, nasi tukapokea taarifa iliyokwisha kuandikwa. Mtu anayeelewa satelaiti ipi inapita lini, inaona nini na mawingu yanaificha nini, anaweza kuisoma taarifa hiyo kwa jicho la kuuliza. Elimu hiyo huanzia kwenye kiherehere cha kijana anayependa vyombo vya anga, kwa sababu hakuna mahali pengine inakofundishwa hapa.

Pingamizi jingine ni la wataalamu: wapenzi huzusha. Ni kweli wengine huzusha, na kisa cha pete ya Makueni kimeonyesha jinsi uvumi unavyokimbia. Ila uvumi ulijaza nafasi iliyokuwa wazi. Tazama Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, vimondo vilipomwagika mjini na vijijini mchana, na kijiwe cha gramu chache kikadunda kwenye majani ya mgomba na kumgonga mvulana kichwani bila kumjeruhi. Watu walisema mengi, na wengine walisaga mawe wakayatumia kama dawa. Waliokuja kuchora ramani ya eneo zima, la kilomita tatu kwa saba, walikuwa wachunguza vimondo wa Uholanzi, baadhi yao wasiolipwa kwa kazi hiyo, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere. Na ramani yao ilitegemea wakulima waliowaonyesha kila shimo na kusimulia walichosikia. Shahidi wa shambani alikuwa sahihi alipoulizwa vizuri.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, na halitoki vitabuni. Mtu anayesimama usiku Bunia na bomba lililoelekezwa mlimani, akiandika saa, anaweza kudhaniwa mpelelezi wa waasi au mwendesha droni, na askari hatangoja maelezo kuhusu Haumea. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja juu ya paa lake. Inabidi iwe na mlango unaojulikana: chuo cha ualimu cha ISP, Chuo Kikuu cha Bunia, au uwanja wa parokia, barua ikiwa imepelekwa mapema kwa mamlaka. Radio Candip, ambayo ilizaliwa ndani ya ISP kwa ajili ya elimu, ndiyo chombo kinachofaa kuwatangazia watu kwamba usiku wa leo taa zitakazopita ni za kitu fulani, na kupokea simu za walioona kitu kisichokuwa kwenye ratiba. Mawingu nayo ni adui, hasa miezi ya mvua. Dawa yake ni kuwa na watazamaji katika maeneo mengi, kuanzia Aru hadi Boga, wakipeana habari, kwa sababu mvua ya Bunia si lazima iwe ya Mahagi.

Kuna tarehe ya kupimia kama jambo hili linawezekana. Usiku wa tarehe 13 Aprili 2029, mwamba wa Apophis, wenye upana wa mita 300 na ushee, utapita kilomita kama 32,000 juu ya uso wa dunia, chini ya satelaiti za televisheni. Hautatugonga, hesabu hiyo imefungwa. Utakuwa karibu zaidi yapata saa sita kasoro robo za usiku kwa saa za Bunia, na Afrika ni miongoni mwa mabara ambako utaonekana kwa macho matupu, kama nyota inayotembea polepole. NASA na shirika la anga la Ulaya wanatuma vyombo vyao. Aprili ni mwezi wa mvua Ituri, kwa hiyo kituo kimoja hakitoshi, na watakaotoka bila kuambiwa kitu watauita kombora au dalili ya mwisho wa dunia. Miaka iliyobaki inatosha kuamua nani atashika saa Aru, nani Mahagi, nani Mambasa, nani atazungumza redioni wiki nzima kabla, na nani ataandika barua kwenye ofisi ya gavana kuomba watu waruhusiwe kukaa nje saa hizo, iwapo amri ya kutotembea usiku itakuwa bado inafanya kazi.